Kilicho Nyuma ya Ngoma ya Sikio

Kwa miaka mingi niliyofundisha baiolojia katika chuo cha ualimu, kabla na baada ya kukabidhiwa ukuu wa chuo, mada ya sikio ndiyo iliyowachangamsha wanachuo kuliko nyingine. Sababu ni majina. Ukimwambia kijana kwamba ndani ya kichwa chake mna nyundo, fuawe na kikuku, kwanza atacheka, kisha hatasahau kamwe. Mifupa hiyo mitatu, iliyo midogo kuliko yote mwilini, imening'inia katika chumba kidogo kiitwacho sikio la kati, nyuma ya ngoma ya sikio. Kikuku, kilicho kidogo kuliko wenzake, kina urefu wa milimita 3 hivi.

Vitabu vyetu vya shule vilikieleza chumba hicho kana kwamba ni nyumba iliyojengwa porini, isiyo na majirani. Kumbe majirani wapo, tena wakubwa. Upande wa mbele inapita ateri ya karotidi, mshipa upandao shingoni kupeleka damu katika ubongo. Chini ya sakafu limekaa tundu la vena ya jugula, yaani mahali ambapo mshipa urudishao damu kutoka ubongoni huvimba kidogo kabla ya kushuka shingoni. Baina ya chumba hicho cha kusikia na mito hiyo miwili ya damu mna kuta za mfupa, na mahali pengine kuta hizo ni nyembamba kama ganda la yai. Kwa watu wachache ukuta haupo kabisa, au mto wenyewe umepotea njia ukapita chumbani.

Nataka katika kurasa hizi nieleze jinsi binadamu alivyojifunza kuwaona majirani hao bila kubomoa ukuta. Ni historia ya takriban miaka mia mbili, na ndani yake mna funzo ambalo naliona kubwa kuliko mashine zote nitakazozitaja: kwamba katika sikio hili, kazi kubwa ya picha si kumwambia daktari akate wapi. Mara nyingi kazi yake ni kumwambia asikate.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mgonjwa anakuja akilalamika kwamba anasikia mapigo ya moyo wake sikioni. Daktari anachungulia, na nyuma ya ngoma anaona kitu chekundu, au chenye rangi ya samawati. Ni nini? Yaweza kuwa ateri ya karotidi iliyopita mahali pasipo pake. Yaweza kuwa tundu la vena ya jugula lililopanda juu na kukosa kifuniko cha mfupa. Yaweza kuwa uvimbe uitwao glomasi, ambao umejaa mishipa ya damu kama sifongo iliyolowa. Tena yaweza kuwa ni majimaji tu ya mafua ya siku nyingi, ambayo nayo huifanya ngoma ionekane ya samawati. La mwisho hilo hutibiwa kwa kutoboa ngoma kwa ncha ya kisu na kuyatoa majimaji, jambo la dakika chache. Lakini ncha hiyo hiyo ikitoboa karotidi, mgonjwa aweza kupooza nusu ya mwili, au kufa pale pale kitandani. Wahenga walisema yote yang'aayo si dhahabu. Nami naongeza kwamba si kila chekundu ni jipu.

Wa kwanza kuijua hatari hiyo walikuwa wanaanatomia, nao waliijua kwa njia ya maiti. Mwaka 1836 Joseph Hyrtl, mtaalamu wa Austria, alieleza habari za ateri ndogo iliyopita katikati ya miguu miwili ya kikuku, kama uzi upitao katika tundu la sindano. Ateri hiyo sote tulikuwa nayo tumboni mwa mama zetu, lakini kwa kawaida hutoweka kabla hatujazaliwa. Kwa watu wachache hubaki. Lakini maarifa ya namna hiyo yalikuwa na kasoro moja kubwa: yalipatikana baada ya mwenye sikio kufa. Mtu aliye hai hayakumsaidia kitu.

Hatua ya pili ilikuwa mwanga. Katika mwaka 1855 Anton von Tröltsch, daktari wa Kijerumani, alionyesha jinsi kioo chenye tundu katikati kinavyoweza kuakisi mwanga hadi ndani ya sikio, huku jicho la daktari likichungulia katika tundu hilo. Ndicho kioo ambacho baadaye madaktari walikifunga kwenye paji la uso, na ambacho wengi wetu wa rika langu tunakikumbuka kwa hofu ya utotoni. Basi ngoma ikaonekana vizuri. Lakini ngoma ni pazia. Mwanga ulionyesha rangi ya kitu kilicho nyuma yake, haukuonyesha kitu hicho kimetoka wapi wala kinaelekea wapi.

Ndipo ulipofika usiku wa tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Wilhelm Conrad Röntgen alipoona mng'ao usiotarajiwa ndani ya maabara yake yenye giza. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amepiga picha ya mifupa ya mkono wa mkewe, na mwaka 1901 akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Watu walidhani kwamba tangu hapo mwili hauna siri tena. Haikuwa hivyo, hasa kwa sikio. Sehemu ya fuvu inayolificha sikio la ndani na la kati ni ngumu kiasi kwamba wanaanatomia waliiita kwa neno lenye maana ya mwamba. Eksirei ikipita humo, vivuli vya mifupa mingi hulaliana katika filamu moja, kama kwamba umeandika kurasa kumi za daftari juu ya ukurasa mmoja. Madaktari kama Arthur Schüller wa Vienna na Stenvers wa Uholanzi walibuni namna za kukigeuza kichwa cha mgonjwa ili vivuli viachane kidogo. Wakaweza kuona kama mfupa umeliwa au umepanuka. Damu yenyewe hawakuiona, kwa kuwa mbele ya eksirei damu haina tofauti kubwa na nyama.

Mtu aliyeipa damu kivuli alikuwa Mreno, Egas Moniz wa Lisbon. Mwaka 1927 alifaulu kutia dawa ndani ya ateri ya karotidi ya mgonjwa na kupiga picha ya eksirei wakati dawa ile ikipita, na matawi ya mishipa ya ubongo yakaonekana kama mizizi ya mti. Haikuwa kazi isiyo na gharama. Katika majaribio ya mwanzo mgonjwa mmoja alikufa. Tena baadaye ilikuja kutumika dawa nyingine, Thorotrast, iliyosifiwa kwa kutoa picha safi bila kumsumbua mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na madini ya thori, yatoayo mnururisho. Ilibaki katika ini kwa maisha yote, na baada ya miaka mingi watu wengi waliotiwa dawa hiyo waliugua saratani. Nalitaja jambo hili ili msomaji asidhani kwamba kuona ni jambo la bure.

Mwaka 1953 Sven Ivar Seldinger, daktari kijana wa Sweden, alibuni njia rahisi na salama zaidi. Unachoma sindano katika ateri, mara nyingi ile ya kinena, unapitisha waya mwembamba ndani ya sindano, unaiondoa sindano, kisha unauvika waya ule mrija laini unaoteleza hadi ndani. Waya ukishatolewa, mrija waweza kusukumwa hata shingoni. Njia hiyo inatumika hadi leo duniani kote.

Wakati huo huo, wagonjwa wenye wekundu nyuma ya ngoma walikuwa wanaanza kueleweka. Mwaka 1941 Stacy Guild, Mmarekani, alieleza vijinundu vidogo mno vya kawaida vilivyo karibu na vena ya jugula na ndani ya sikio la kati. Mwaka 1945 Harry Rosenwasser, naye wa Marekani, akaeleza uvimbe aliouondoa katika sikio la mgonjwa, na ikafahamika kwamba uvimbe wa aina hiyo unatokana na vijinundu vile. Basi kitu kikapata jina. Mwalimu yeyote atakuambia kwamba kitu kisicho na jina hakiulizwi swali katika mtihani. Tangu siku hiyo daktari aliyeona wekundu alikuwa na sababu ya kujiuliza, "Je, hii si glomasi?"

Lakini kujiuliza kulihitaji njia ya kujibu. Katika miaka ya 1960 zilitumika mashine za eksirei zilizozungusha bomba na filamu kwa pamoja ili tabaka moja tu la mfupa lionekane wazi, na yaliyo mbele na nyuma yake yafifie. Mwaka 1971 Marc Lapayowker na wenzake nchini Marekani waliandika habari za karotidi iliyojitokeza sikioni ikafanana na uvimbe, wakatoa kanuni nyepesi: katika picha iliyopigwa kutoka mbele, chora mstari wa wima kwenye ukingo wa nje wa kijumba cha sikio la ndani. Karotidi ya kawaida hukaa upande wa ndani wa mstari huo. Ikiuvuka kuja nje, imepotea njia. Napenda kanuni hiyo kwa sababu ni ya mwalimu. Haihitaji zaidi ya rula na jicho makini.

Mwaka huo huo, tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI. Mashine hiyo haikutupa kivuli kimoja. Ilipitisha miali kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta ikakokotoa kila nukta ya ndani ina uzito gani, ikachora kichwa kana kwamba kimekatwa kipande kama mkate. Ile picha ya kwanza ilikuwa na nukta 80 kwa 80 tu, na kila kipande kilikuwa na unene unaozidi sentimita moja. Kwa ubongo ilikuwa maajabu. Kwa sikio haikutosha, maana kikuku kizima kingeenea katika nukta moja.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa bara letu limo katika habari hii. Hesabu za kazi hiyo zilikuwa zimekwisha kufikiriwa na mtu mwingine, Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1924. Mwaka 1956 alikuwa mhadhiri wa fizikia mjini Cape Town, akaombwa kwenda hospitali ya Groote Schuur kwa muda, kwa sababu sheria ilitaka matumizi ya madini ya mnururisho yasimamiwe na mwanafizikia. Alipoona jinsi tiba ya miali ilivyopangwa, alijiuliza: yawezekanaje kupima kipimo cha miali bila kujua uzito wa kila sehemu ya mwili inayopitiwa? Swali hilo alilifanyia kazi, na baada ya kuhamia Marekani akachapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali. Mwaka 1979 yeye na Hounsfield walipewa pamoja Tuzo ya Nobeli ya tiba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na shahada ya uzamivu. Walimu wenzangu, yaandikeni hayo ubaoni.

Katika miaka ya 1980 vipande vya CT vilipungua unene hadi kufikia milimita moja na nusu, kisha moja, na leo ni chini ya milimita moja. Hapo ndipo sikio la kati lilipofunguka. Kila jirani akapatikana na alama yake. Karotidi ikipotea njia, mfereji wake wa kawaida wa kupanda wima haupo, na badala yake kijitundu kidogo cha sakafuni kimepanuka, nao mshipa unakatiza chumbani. Tundu la jugula likikosa kifuniko, bamba la mfupa baina yake na sikio halionekani, na kile kinachoonekana chumbani kinaungana moja kwa moja na vena iliyo chini. Ateri ile ya Hyrtl ikibaki, tundu moja dogo chini ya fuvu, lipitishalo mshipa wa utando wa ubongo, halipo, na mfereji wa neva ya uso umepanuka. Glomasi iliyo ndogo hukaa juu ya kinundu cha ukuta wa ndani, na mfupa unaoizunguka ni mzima. Ile iliyoanzia kwenye jugula huutafuna mfupa, ukabaki kama mbao iliyoliwa na mchwa.

Kisha ikaja MRI, itumiayo sumaku na mawimbi ya redio badala ya eksirei, ambayo msingi wa picha zake uliwekwa na Paul Lauterbur mwaka 1973. Yeye na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003. MRI huonyesha nyama laini na mwendo wa damu, na glomasi kubwa huonekana humo ikiwa na madoa meusi na meupe, hata madaktari wakaipa sura hiyo jina la chumvi na pilipili. Lakini mfupa mwembamba haiuonyeshi vizuri. Kwa hiyo CT huulizwa habari za ukuta, na MRI huulizwa habari za mgeni aliyeingia. Na ule mrija wa Seldinger haujastaafu. Siku hizi hutumika kuziba mishipa inayoilisha glomasi kabla ya upasuaji, ili damu isimwagike nyingi.

Habari hizi sikuzisoma kwa udadisi mtupu. Mwaka 2019 nilianza kusikia katika sikio la kulia mvumo kama wa cherehani ya jirani, ukienda sambamba na moyo. Usiku ulikuwa mkali zaidi. Mahali pa kwanza nilipokwenda niliambiwa kwamba nyuma ya ngoma kuna majimaji, yatobolewe siku ile ile, na vifaa vikaanza kupangwa. Niliuliza mbona majimaji yana mapigo ya moyo. Sikupata jibu la kuniridhisha, nikaomba ruhusa nikafikirie.

Nilikwenda hospitali nyingine, nikapokewa na daktari wa kike, umri wa wajukuu zangu wakubwa. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. Nikamwitikia marahaba. Alichungulia, akanyamaza. Akaweka stethoskopu shingoni, akasikiliza. Kisha akabonyeza polepole kwa kidole upande wa kulia wa shingo, na mvumo ukakatika kama redio iliyozimwa. Alipoachia, ukarudi.

"Mwalimu," akasema, "hapa hatugusi kitu mpaka tuone picha."

Bei ya picha ilinishtua, sitaficha, na wanangu walinichangia. Lakini siku daktari yule aliponionyesha kwenye skrini, akasogeza vipande kimoja kimoja, niliona kwa macho yangu: tundu la jugula limepanda juu, na upande wa sikio hakuna mfupa. Ile rangi ya samawati iliyotaka kutobolewa ilikuwa vena yangu mwenyewe.

"Sasa dawa yake?" nikauliza.

"Dawa yake ni kuiacha. Ndivyo ulivyoumbwa. Tutapima shinikizo la damu na wingi wa damu, maana hayo huongeza mvumo. Na hili naliandika kwa herufi kubwa kwenye faili, nawe uwaambie wa nyumbani: asitokee mtu akalitoboa sikio hili."

Shinikizo lilikuwa juu, nikapewa vidonge. Mvumo umepungua. Haujaisha, nami nimeuzoea kama mtu azoeavyo saa ya ukutani.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kila sikio lipigwe picha. Masikio mengi yanayouma vijijini kwetu yana usaha wa kawaida, na mtoto wa namna hiyo anahitaji kusafishwa sikio na kupewa dawa. Hahitaji mashine ya mamilioni, wala si vyema kumpitisha kwenye miali bila sababu. Tena mkumbuke kwamba kabla ya picha yangu palikuwa na mambo matatu yasiyo na bei: sikio lililosikiliza maelezo yangu, stethoskopu, na kidole kimoja shingoni. Hayo ndiyo yaliyoonyesha kwamba picha inahitajika. Mganga wa zahanati aliyefundishwa kuuliza, "Je, unasikia mapigo ya moyo?" aweza kuokoa maisha kwa kumwandikia mgonjwa barua ya rufaa badala ya kushika kisu.

Hata hivyo, barua hiyo lazima iwe na mahali pa kupelekwa. Wakati nikiwa mkuu wa chuo, katika miaka ya 1990, wengi wetu vyuoni hatukuwa tumewahi kuiona mashine ya CT hata kwa mbali. Sasa zipo, ingawa kwa mtu wa kijijini safari na gharama bado ni mlima. Wanaopanga bajeti hupenda kuhesabu wagonjwa waliotibiwa. Nawasihi waone pia thamani ya wale ambao picha iliwaokoa wasitibiwe kwa makosa. Hao hawaonekani katika takwimu, kwa kuwa hakuna lililowapata. Walirudi nyumbani, wakala chakula cha jioni, wakalala.

Kuuliza si ujinga, tuliwafundisha watoto. Cormack aliuliza swali lake mwaka 1956 katika hospitali ambako alikuwa mgeni wa muda tu, na ulimwengu ukachukua zaidi ya miaka 20 kulithamini. Darasani mwenu leo, walimu, huenda yuko mmoja ambaye swali lake linaonekana kuwapotezea muda. Mwacheni alimalize.